Njaa Ndiyo ya Kuogopwa: Kumeza Upya Baada ya Kuondolewa Kisanduku cha Sauti

Mgonjwa wa saratani ya koo anayerudi Niemba baada ya upasuaji mkubwa, awe ametoka Lubumbashi au amevuka ziwa kutoka Kalemie hadi Kigoma na kuendelea mpaka Dar es Salaam, hufika nyumbani akiwa na tobo shingoni, hana sauti, na mwili umepungua. Jamaa wanaompokea hulitazama lile tobo, humtazama anavyohangaika na kijiko cha kwanza cha uji, kisha wote hukubaliana jambo moja: apewe kidogo tu, tena chepesi, asije akapaliwa akafa. Uamuzi huo hutoka katika upendo, na ndio ninaoupinga hapa. Mtu aliyeondolewa kisanduku chote cha sauti yuko salama zaidi kinywani kuliko jamaa zake wanavyodhani. Hatari zake kubwa ziko mahali pawili pasipotazamwa sana, yaani kwenye mizani na kwenye tobo lenyewe la shingo. Hofu ikihamishiwa huko, ulishaji wake hubadilika tangu siku ya kwanza.

Ili hoja hiyo ieleweke, tujue kwanza upasuaji umefanya nini. Kwa mtu mwenye afya, hewa na chakula hupita pamoja nyuma ya ulimi, halafu njia zao hukatana: hewa huingia mbele kwenda mapafuni, chakula huteremka nyuma kupitia umio kwenda tumboni. Ni kama pale reli ya kutoka Kabalo inapokatana na barabara ya watu. Pasipo mlinzi wa kufunga njia kwa wakati, ajali haikosekani. Mlinzi huyo ni kisanduku cha sauti, au zoloto. Sauti ni kazi yake mojawapo tu; kazi kubwa zaidi ni kufunga njia ya hewa kila tunapomeza. Daktari anapokiondoa chote, haiachi njia panda wazi bila mlinzi, bali huivunja njia panda yenyewe. Bomba la hewa hukatwa, likavutwa mbele na kushonwa kwenye ngozi ya shingo, na kuanzia siku hiyo mgonjwa hupumua kwa tobo hilo peke yake. Kinywa na koo hubaki kuwa njia ya chakula tu. Theodor Billroth ndiye wa kwanza kukiondoa kisanduku chote kwa sababu ya saratani, mjini Vienna, tarehe 31 Desemba 1873, na kwa miaka mingi iliyofuata wagonjwa wengi waliofanyiwa hivyo walikufa kwa sababu mate na chakula viliendelea kuteremkia mapafuni. Mambo yalibadilika pale madaktari kama Themistocles Gluck wa Berlin walipoishona njia ya hewa kwenye ngozi na kuitenga kabisa na njia ya chakula. Kile ambacho jamaa wanakiogopa, basi, ndicho hasa upasuaji wa leo ulichokikomesha.

Mtu atauliza: mbona mgonjwa wetu hukohoa akinywa maji? Swali hilo ni la haki na lisipuuzwe, kwa sababu jibu lake ni mojawapo ya mambo matatu. Huenda hakuondolewa kisanduku chote. Wako waliokatwa sehemu tu, na wako waliotobolewa shingo ili wapumue huku kisanduku kikiwa bado mahali pake. Hao wanaweza kupaliwa vibaya sana, na ninayoyasema juu ya usalama wa kinywa hayawahusu hata kidogo. Barua ya kutoka hospitali ndiyo itakayoamua. Kwa hospitali zetu zinazoandika Kifaransa, tafuta maneno laryngectomie totale. Ukikuta trachéotomie peke yake, mgonjwa wako ni wa kundi lile jingine, na asimezeshwe kitu bila maelekezo ya daktari wake. Jambo la pili ni vali ya sauti. Wagonjwa wengine huwekewa kivali kidogo katika ukuta ulio kati ya bomba la hewa na umio, ili hewa ya mapafu ipite juu na kuwapa sauti. Kivali hicho huchakaa na kuota kuvu, na baada ya miezi kadhaa huanza kuvuja. Dalili yake iko wazi: uji mzito hupita bila shida, lakini chai au maji humfanya akohoe papo hapo, na ukimulika tobo kwa tochi wakati anakunywa maziwa, utaona tone jeupe likichuruzika kutoka kwenye vali. Jambo la tatu ni mshono ulioachia ndani na kufungua njia isiyotakiwa, nami nitalirudia. Mambo yote matatu yana majina na tiba zake, na hakuna hata moja linalotibiwa kwa kumnyima mtu chakula.

Kama basi chakula hakiwezi tena kuingia mapafuni, kwa nini kumeza ni kugumu? Hapa ndipo familia nyingi huchoka, zikadhani mgonjwa hataki kula. Katika umezaji wa kawaida kisanduku cha sauti hupanda juu na kwenda mbele. Weka kidole kooni umeze mate, utakisikia kikiruka. Mruko huo ndio unaovuta mlango wa juu wa umio ukafunguka. Kisanduku kikiondoka, mvuto huo hauna tena wa kuufanya, na kazi yote inahamia kwenye ulimi, ambao sasa lazima usukume kwa nguvu kuliko zamani, kupitia njia iliyoshonwa na mara nyingi nyembamba. Saratani ikiwa imeenea hata kwenye koo la chakula, daktari hulazimika kukata sehemu ya koo hilo na kulijenga upya kwa kiraka: ngozi na nyama ya kifuani, ngozi ya mkono au ya paja, kipande cha utumbo mwembamba, au tumbo lenyewe likavutwa hadi shingoni. Kiraka cha ngozi hakina msukumo wowote. Chakula hupita hapo kwa uzito wake na kwa nguvu ya ulimi iliyokisukuma kutoka juu. Kipande cha utumbo hujisukuma chenyewe, lakini kwa wakati wake, si kwa wakati wa mlaji, na hutoa ute mwingi. Aliyevutiwa tumbo juu hushiba upesi, na akilala baada ya kula chakula humrudia kinywani. Ndiyo maana ushauri wa jirani ambaye shemeji yake alifanyiwa upasuaji kama huo hautoshi: muulizeni daktari koo la mgonjwa wenu limejengwa kwa nini, maana hapo ndipo namna yake ya kula inapoanzia. Na msidhani ni udhaifu wa mtu mmoja. Uchunguzi uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 2009 uliwauliza watu walioondolewa kisanduku cha sauti, na takriban 72 katika kila 100 walisema wana shida ya kumeza. Hao ni watu wa nchi yenye wataalamu wa kutosha. Shida hii ndiyo hali ya kawaida baada ya upasuaji huo, na mgonjwa anastahili kuambiwa hivyo mapema.

Majuma ya mwanzo yana sheria zake, na hapa subira ni ya lazima. Mara nyingi mgonjwa hulishwa kwa mpira uliopitishwa puani hadi tumboni kwa siku 7 hadi 14 huku mshono wa koo ukishikana, na aliyewahi kupigwa mionzi husubiri zaidi kwa sababu nyama iliyochomwa na mionzi hupona polepole. Wako madaktari wanaoanza kumlisha kwa kinywa mapema zaidi; huo ni uamuzi wao walioliona koo lenyewe, si wa jamaa. Kinachoogopwa wakati huu ni fistula, yaani mshono kuachia, mate na chakula vikapenya hadi nje ya ngozi. Itambueni kwa dalili zake: homa, shingo kuvimba na kuwa nyekundu au ya moto, harufu mbaya, kisha majimaji au uji kutokea penye kidonda. Ikitokea, kinywa kifungwe, mpira uendelee kutumika, na mgonjwa arudi hospitali siku hiyohiyo. Fistula nyingi huziba zenyewe kwa kusafishwa na kulishwa vizuri, na hilo neno la mwisho nalisisitiza, kwa sababu mwili wenye njaa haufungi kidonda. Na mpira ukichomoka katika majuma hayo, asiwepo mtu wa kujaribu kuurudisha kwa nguvu, hata akiwa muuguzi hodari wa kituo. Njia mpya ya koo hupinda mahali usipopategemea, na ncha ya mpira inaweza kutoboa mshono.

Kuna familia zinazouona mpira kuwa alama ya kifo, na humhimiza mgonjwa autoe ili “ale kama mtu.” Naielewa aibu ya kukaa barazani na mpira puani. Hata hivyo mpira ni chombo cha kazi, na thamani yake inategemea kinachopitishwa humo. Uji mwepesi wa muhogo uliochujwa ni maji mengi na wanga kidogo. Mtu anaweza kumiminiwa vikombe vingi kwa siku na bado akakonda. Mgonjwa mwenye kilo 50 anahitaji kilokalori kama 1,500 kwa siku, pengine zaidi akiwa na kidonda kinachopona. Kijiko kikubwa kimoja cha mawese kina karibu 120, cha karanga zilizosagwa zaidi ya 90. Kwa hiyo uji wa mahindi na soya, uliotiwa mawese, karanga laini, na unga wa ndagala waliokaushwa, wakatwangwa na kuchekechwa, unamjenga mtu kweli, na vyote hivyo vinapatikana sokoni Kalemie na hata karibu zaidi. Chuja kwa kitambaa safi mpaka pasibaki chembe, mwinue kifua wakati wa kumlisha na kwa nusu saa baadaye, na pitisha maji yaliyochemshwa yakapoa kabla na baada ya kila mlo ili mpira usizibe. Kwa aliyekaa siku nyingi bila chakula, ongeza kidogokidogo kwa siku kadhaa; mwili uliozoea njaa ukijazwa ghafla hupata madhara makubwa, hata ya moyo.

Sasa nije kwenye bukari, maana hapo ndipo ubishi wenyewe ulipo. Mtu wa kwetu hajala mpaka ale bukari, na mzee aliyelima maisha yake yote atakuambia kwa ishara ya mkono kwamba uji ni wa watoto. Familia nayo huona siku atakaporudia tonge ndiyo siku ya kupona. Naiheshimu hamu hiyo, lakini bukari, na hasa ya muhogo, ni mtihani mgumu kuliko vyote kwa koo lisilo na msukumo. Itazame inavyokuwa kinywani. Kwa kawaida hatuitafuni; tunaimeza tonge zima lililochovywa mchuzi, tukitegemea koo lilikamate na kulisukuma. Ile ya muhogo hunata na kuvutika, sehemu ya mbele ikiteremka ya nyuma bado imeshikilia ulimi, na tonge hukaa penye mshono kama lilivyoingia. Mkate nao, ambao watu hudhani ni laini, ukilowana mate hugeuka gundi. Wali hutawanyika na punje zake hubaki kwenye mikunjo ya koo. Wakati huohuo samaki aliyechemshwa akatolewa miiba yote, akapondwa ndani ya mchuzi wake, hushuka vizuri. Vivyo hivyo parachichi iliyopondwa na maziwa, yai laini, papai, maharagwe yaliyosagwa na kuchujwa maganda, viazi vitamu vilivyopondwa na mawese. Sombe ni chakula kizuri ikiwa itatwangwa mara mbili, ikachemshwa kwa muda wake wote na kutiwa karanga, kwa sababu nyuzi zake ndefu ndizo zinazokwama. Kwa hiyo hatua za kurudi kwenye chakula cha watu zianze na maji, zipite kwenye uji laini, kisha vilivyopondwa, kisha vilaini vyenye mchuzi, na bukari ije mwisho, iwe ya mahindi, laini, donge dogo kama ncha ya kidole, litafunwe lilowe. Akifika hapo kwa miezi mitatu ni vizuri; akifika kwa mwaka ni vizuri pia; na asipofika kamwe, huku uzito wake ukisimama, amepona. Mizani ndiyo shahidi wa kupona. Bukari ni furaha, na furaha yaweza kusubiri.

Namna ya kula ina uzito sawa na chakula chenyewe. Aketi wima, miguu chini, kijiko kiwe kidogo. Chakula kikiwa juu ya ulimi, afunge midomo, abane ulimi kwa nguvu kwenye kaakaa na kusukuma nyuma, kisha ameze tena mara ya pili bila kuongeza kitu, halafu afuatishe fundo la maji ya uvuguvugu. Wengine hupitisha chakula vizuri wakigeuza kichwa upande mmoja au wakiinua kidevu kidogo. Ajaribu kwa kijiko cha maji aone upande upi unafungua. Asikimbizwe. Mlo wa nusu saa ni wa kawaida kwake, na milo sita midogo humfaa kuliko miwili mikubwa. Chakula kikikwama, hapa ndipo ile hoja ya mwanzo inapookoa: hakosi pumzi. Anapumua kwa shingo, tonge liko kwenye njia nyingine. Kumpiga mgongoni, kumkaba tumbo kwa nyuma, kumwinamisha kwa nguvu, vyote havina kazi na vinaweza kumuumiza. Asimame, atulie, anywe maji ya uvuguvugu kwa mafundo madogo, atembee kidogo; mara nyingi kitashuka au atakitema. Mate yakishindwa kushuka na saa kadhaa zikapita, hapo apelekwe hospitali. Na ile desturi yetu ya kummezesha mtu tonge kavu la bukari au ndizi ili kusukuma mwiba wa samaki, kwake ipigwe marufuku kabisa, kwa maana tonge hilo litazibia palepale penye wembamba, na mwiba utasukumwa ndani ya nyama iliyokwisha kuchoshwa na kisu na mionzi.

Lipo jambo ambalo wauguzi wa nyumbani hulikosa kwa sababu halionekani. Hewa haipiti tena puani kwake, na harufu husafiri kwa hewa. Kwa hiyo chakula kimepungua ladha, si kwa sababu mpishi amekosea wala kwa sababu mgonjwa ana kiburi. Hawezi kupuliza uji wa moto upoe, kwa kuwa pumzi yake hutokea shingoni. Akipewa kikombe kinachofuka mvuke ataungua au ataacha kunywa, kwa hiyo uji wake upoe kwanza na mtu mwingine auonje. Hawezi kunusa ndagala waliooza wala maziwa yaliyochacha, kwa hiyo mwenzake anuse kwa niaba yake. Mwaka 2000 Frans Hilgers na wenzake wa Amsterdam walieleza zoezi jepesi la kurudisha harufu: mtu hufunga midomo na kuteremsha taya, ulimi na sakafu ya kinywa pamoja, kama anayejizuia kupiga mwayo mbele ya wageni, na akirudia haraka mara kadhaa, hewa kidogo huvutwa puani, na harufu ikaja nayo. Zoezi hilo halihitaji kifaa chochote. Tena kuna sahani. Kwetu watu hula pamoja penye sinia moja, na mwenye kumeza polepole hukuta sinia limekwisha, au kwa aibu ya kutazamwa hujitenga jikoni. Mpeni sahani yake, ijazwe kabla ya zenu, aanze kula kabla yenu, lakini aketi katikati yenu. Mume au mke wa mgonjwa ndiye mwenye uwezo wa kulifanya hili liwe jambo la kawaida nyumbani, na watoto watafuata. Lutuku na sigara visirudi katika baraza hiyo: tumbaku na pombe kali ndivyo vinavyochangia zaidi saratani ya koo, na lutuku humshibisha mtu bila kumlisha.

Nilisema hofu ihamie pia kwenye tobo. Maji yakiingia hapo huenda moja kwa moja mapafuni, na hakuna wa kuyazuia. Aliyezoea kuoga mtoni Lukuga asiingie tena mtoni. Aoge kwa ndoo, maji yasipite juu ya kifua, na katika mtumbwi au mashua ya kuvukia ziwa akae katikati. Vumbi la kiangazi na moshi wa jikoni vinakausha makohozi yakawa ukoko unaoziba pumzi, kwa hiyo kitambaa chepesi, safi, kilicholoweshwa kidogo, kifunike tobo wakati wote bila kuliziba. Akizimia au akiishiwa pumzi, hewa apuliziwe shingoni, na oksijeni iwekwe shingoni. Katika haraka ya dharura mhudumu asiyemjua atakimbilia kinywa na pua, kwa hiyo mgonjwa avae kadi yenye maandishi makubwa, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, kwamba anapumua kwa shingo.

Pingamizi zito kuliko yote ni hili: Niemba haina mtaalamu wa kumeza, haina daktari wa koo, haina mashine ya kutazama ndani. Kweli kabisa. Lakini kazi hii ina sehemu mbili, na sehemu kubwa ya kila siku haihitaji mtaalamu, inahitaji mtu mmoja wa nyumbani aliyefundishwa. Mtu huyo na awe hospitalini kabla ya mgonjwa kuruhusiwa, amlishe mbele ya wauguzi, asahihishwe makosa yake palepale. Atoke na barua inayosema upasuaji ulikuwa upi, koo lilijengwa kwa nini, kama kuna vali na ni ya aina gani, na namba ya simu ya wodi. Kuhusu vali nina maoni yangu: asiye na njia ya uhakika ya kuifikia hospitali inayobadilisha vali, kila inapovuja, na afikirie sana na daktari wake kabla ya kuwekewa. Sauti ni kitu kikubwa, ila vali inayovuja mbali na hospitali humnyima mtu maji ya kunywa, na zipo njia nyingine za kusema. Nyumbani, vituo vya zoni ya afya ya Nyemba vina mizani, ile ile ya kupimia akina mama wajawazito. Apimwe kila juma katika miezi mitatu ya kwanza, kisha kila mwezi, na uzito uandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe, chakula alichoweza kumeza na dakika alizotumia. Kila aliyepigwa mionzi au aliyekatwa sehemu ya tezi ya thairoidi apimwe damu mara moja au mbili kwa mwaka akienda mjini, maana tezi hiyo hulegea taratibu, na uchovu, baridi mwilini na choo kigumu vinavyofuata watu hudhani ni uzee. Akihisi ganzi kuzunguka midomo au mikono kukakamaa, hiyo ni kalsiamu iliyoshuka, na haingoji mwezi ujao.

Daftari hilo lina kazi moja kubwa kuliko zote. Miezi kadhaa baada ya upasuaji, hata baada ya mwaka au zaidi, na hasa kwa waliopigwa mionzi, koo hujikunja kwa makovu na njia ikasinyaa. Haiji kwa kishindo. Mtu aliyekuwa anakula samaki aliyepondwa hurudi kwenye uji bila kumwambia mtu, mlo wa nusu saa huwa saa nzima, chakula huanza kurudi kupitia puani, na kwa sababu amezoea taabu husema kwa mkono kwamba yuko sawa. Ukurasa wa daftari hautamwamini. Mlo ukirefuka kwa majuma mawili mfululizo, au kilo mbili zikipotea kwa mwezi, ombeni barua ya rufaa. Hospitali itatazama ndani kwanza, kwa kuwa wembamba huo waweza kuwa kovu tu, na waweza kuwa saratani iliyorudi, na kwa nje havitofautiki. Likiwa kovu, hutanuliwa kwa vijiti laini vinavyoongezwa unene au kwa puto, na wengi huhitaji kurudia mara kadhaa, bila hilo kuwa dalili ya kushindwa. Ila njia ikingojewa hadi izibe kabisa, kuitanua huwa kugumu na kwa hatari, na mgonjwa huwasili akiwa hana nguvu ya kustahimili hata dawa ya usingizi. Kutoka Niemba safari hiyo haipangwi kwa siku moja, iwe kwa treni au kwa pikipiki hadi Kalemie na kuendelea mbele. Ianze akiwa bado anameza uji.